Safari ya Kolo: Nalikutana na Mkono Wangu Mwambani

Je, msomaji, umepata kuiona michoro ya Kolo? Najua wengi mtajibu, "La, tumeisikia tu." Na wengine hata kuisikia hamjaisikia, ingawa wageni huvuka bahari kutoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama, kisha hurudi kwao wakaisimulia kutushinda sisi tuliozaliwa chini ya miamba ile. Basi keti, mwite na mama watoto aweke ungo chini kidogo, nikusimulie safari niliyoifanya mwezi wa tisa, baada ya mavuno, mimi na mjukuu wangu wa kike. Nitakusimulia yote, hata lile nililolificha kwa muda wa miaka hamsini.

Chanzo cha safari ni mkaa. Mjukuu wangu yuko darasa la sita, na tangu utoto wake hawezi kuona kipande cha mkaa asichore. Amechora kuku, amechora ng'ombe, amemchora na bibi yake akisonga ugali, tena ukutani mwa jiko, na bibi mwenyewe hakupendezwa maana alichorwa mnene. Siku moja alirudi kutoka shule akaniuliza, "Babu, mwalimu ametufundisha habari za michoro ya Kondoa. Ati wewe ulizaliwa huko. Uliiona?" Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba niliiona, tena niliigusa kwa mkono wangu. Hilo la kuigusa lilinitoka tu. Akasema, "Basi nipeleke."

Ungefanya nini, msomaji? Niliuza mbuzi mmoja, tukashika njia.

Sisi twakaa sasa katika kijiji karibu na Dodoma. Zamani kutoka Dodoma kwenda Kondoa ilikuwa safari ya kumwaga machozi. Ni kilometa 160 hivi, walakini wakati wa masika gari liliweza kulala matopeni siku mbili, abiria wakashuka kusukuma, na wakati wa kiangazi ulifika huku umejaa vumbi jekundu hata mama yako mzazi asikutambue. Tangu mwaka 2018 lami imekamilika kutoka Dodoma hadi Babati. Tuliondoka Dodoma kumekucha, na chai tukanywa Kondoa. Mjukuu wangu alilala njia nzima, nikamwonea wivu kidogo, maana mimi katika umri wake nilikuwa nikisukuma.

Tulilala kwa ndugu zangu, tukapewa ugali wa uwele na mlenda. Jumapili tukaenda Misa. Jumatatu asubuhi tulipanda gari la kwenda Babati, tukashuka Kolo, mwendo wa kilometa ishirini na kitu kutoka Kondoa. Hapo, kando ya barabara kuu, pana ofisi ya Mambo ya Kale. Nawe ukienda usipite ofisi hiyo ukidhani utajiongoza mwenyewe. Lazima ulipe kiingilio, upewe na mtu wa kukuongoza, wala usinung'unike. Mapango yenye michoro yametapakaa katika eneo la kilometa za mraba zaidi ya 2,300, na hesabu yake mpaka leo haijakamilika; husemwa ni kati ya 150 na 450. Mtu asiyeijua nchi atazunguka mpaka jua litue, akaishia kuona nyani.

Tulipewa kijana mmoja, mpole, mwenye daftari kwapani. Alinisalimu, "Shikamoo, Mzee," nikaitika. Akatuita wenye bodaboda wawili. Tukavuka korongo la mchanga, pikipiki ikayumba kama ng'ombe mlevi, nami nikakumbuka sala zote nilizofundishwa na mama. Kisha tukafika mahali ambapo hata pikipiki hukataa, tukaanza kupanda kwa miguu. Kilima ni kikali. Mjukuu wangu alitangulia akirukaruka kama mwana mbuzi, kisha akageuka akaniambia, "Babu, mchumba wangu, usije ukanifia hapa." Yule kijana akacheka, na mimi nikapata sababu ya kupumzika.

Mahali penyewe huitwa Mungumi wa Kolo. Usifikirie pango lenye giza na popo. Ni mwamba mkubwa uliotokeza mbele kama paa la nyumba, na chini yake pana kivuli na ukuta wa mawe. Ukigeuka nyuma unaiona nchi tambarare ya Wamasai inakwenda mpaka macho yachoke. Waliochora walijua kuchagua mahali.

Mwanzoni sikuona kitu, wala wewe hutaona. Utaona mwamba wenye madoadoa. Kijana akasema, "Tulieni, tazameni polepole." Kumbe ni kweli. Kwanza akatokea tembo. Kisha pofu. Kisha watu, warefu mno, wembamba kama mabua ya mtama, wengine na vichwa vikubwa ambavyo huenda ni mitindo ya nywele. Wote wekundu. Mjukuu wangu hakusema neno, alikaa chini tu, akaanza kusogeza kidole hewani, akifuata mistari ile bila kuigusa.

Wapo watu watano wanaosimuliwa sana. Mmoja yuko katikati, yaonekana ni mwanamke, na wengine wamemshika mikono, wawili upande huu na wawili upande ule. Wawili wa upande mmoja vichwa vyao ni vya ajabu, kana kwamba wamevaa vinyago. Bibi Mary Leakey, yule mtaalamu wa mambo ya kale, aliyekaa miezi kadhaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro hii kwenye karatasi, aliona kwamba mwanamke yule anatekwa na upande mmoja, na upande wa pili wanamvutia kwao. Wataalamu wa baadaye walifikiri vingine. Walikwenda kutazama Wasandawe, jirani zetu wenye lugha ya vidoko, ambao wana ngoma yao iitwayo simbo. Katika ngoma hiyo mchezaji hucheza mpaka hajitambui tena, na husemwa amegeuka simba, na wenziwe humshika asianguke. Basi yawezekana wale watano hawagombanii mwanamke, bali wanamshika mwenzao aliyezidiwa na ngoma. Mimi nilimwuliza mjukuu wangu yeye aonaje. Akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Wanamsaidia, Babu. Mtu anayetekwa angekunja magoti." Sijui kama wataalamu walipata kuyaangalia magoti.

Wasandawe hao ndio wanaodhaniwa kuwa karibu zaidi na wale waliochora michoro myekundu, na baadhi ya wazee wao walikuwa wakichora miambani hata mwanzoni mwa karne ya ishirini. Rangi ni ule udongo mwekundu uitwao ngeu, uliosagwa na kuchanganywa, kama wengi waaminivyo, na mafuta ya wanyama. Michoro meupe ni ya baadaye, nayo ni minene, iliyopakwa kwa kidole, na mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu. Hiyo husemwa ni kazi ya wakulima wa Kibantu, yaani babu zetu sisi. Nilipoisikia habari hiyo nilimwambia yule kijana, "Kumbe tabia ya kuandika juu ya kazi ya mwenzio tumeianza zamani." Akacheka. Mimi sikucheka sana, na utaona kwa nini.

Umri wa michoro haujulikani sawasawa, maana udongo na mafuta havisemi tarehe. Iliyo mikongwe yahesabiwa kwa maelfu ya miaka. Walakini watu waliishi katika miamba hii zamani zaidi ya hapo. Huko Kisese, katika wilaya hii hii, Bwana Raymond Inskeep alichimba mwaka 1956, na vitu alivyovifukua vilipopimwa upya baadaye, shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni zilionekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 40,000. Fikiri, msomaji. Miaka 40,000 iliyopita mama mmoja wa Kondoa alikaa kivulini akitoboa shanga, labda huku akimkemea mtoto asichezee moto.

Chini ya mwamba wa Mungumi niliona mashimo. Nikauliza kama ni ya wataalamu. Kijana akatikisa kichwa. Ni ya watu waliosikia kwamba Wajerumani, walipoondoshwa Kondoa mwaka 1916, walizika dhahabu humo. Wamechimba usiku, wamechimba mchana, wamevuruga udongo ambao ungetueleza mambo ya maelfu ya miaka. Dhahabu hawakuipata. Aliniambia pia kwamba wazee bado hufika mahali hapa mvua ikichelewa, wakachinja mbuzi na kumimina pombe ya nafaka, na pengine pombe hurushwa mwambani. Mimi ni Mkristo, nami sala zangu za mvua nazipeleka kanisani. Lakini sikupenda kuwadhihaki wazee wale, kwa maana baba wa baba yangu alikuwa mmoja wao, na mvua walikuwa wakiiombea mashamba ya watu wote. Jambo la pombe kugusa michoro ndilo linalowapa shida walinzi, kwa kuwa kimiminika chochote huiharibu.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kudunda. Nikauliza, kana kwamba sijui, "Hata maji matupu?" Akajibu, "Hata maji, Mzee. Zamani watu walirusha maji ili rangi ing'ae, wapige picha. Inang'aa kweli kwa dakika chache. Lakini maji yakikauka huacha chumvi ya mawe juu ya mchoro, ikawa kama utando mweupe, na mwisho hauoni kitu."

Sasa nitakuambia lile nililolificha. Mwaka 1974, nikiwa darasa la nne, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukichunga mbuzi kwenye vilima vya kwetu. Lipo pango dogo huko, halimo katika yale yanayoonyeshwa wageni, nami sitalitaja jina. Ndani yake alikuwamo twiga mwekundu, mzuri ajabu. Mwenzangu mmoja alisema twiga yule akinyweshwa maji hufufuka. Tukammwagia kibuyu kizima. Akafufuka kweli! Alikuwa mwekundu kama damu, nasi tukapiga kelele za furaha. Siku nyingi tulirudi kumnywesha. Na siku ya mwisho nikachukua msumari, nikakwaruza kando ya shingo yake herufi K kubwa yenye mkia, alama yangu, ili wenzangu wajue twiga ni wangu. Mwalimu hakujua, baba hakujua. Nilikua, nikaoa, nikahama.

Nilimwambia kijana kwamba lipo pango dogo karibu na kwetu nilipenda mjukuu wangu alione. Akafikiri, akafungua daftari lake, akasema analifahamu, naye alikusudia kwenda kulikagua mwezi huo huo. Basi tukaenda pamoja.

Hapa nilitahayari mara ya kwanza, maana nilipotea njia. Nilipokuwa mtoto vilima vile vilikuwa vitupu, udongo mwekundu umechimbwa na mvua kuwa makorongo ambayo nyumba ingezama ndani. Mwaka 1973 ulianza mpango wa hifadhi ya ardhi uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lile lililomomonyoka. Miti ilirudi yenyewe. Nilizoea kuliona pango kutoka mbali, na sasa nilisimama hatua hamsini kutoka kwake nisilione kwa ajili ya vichaka. Kijana ndiye aliyetuongoza, na mimi mwenyeji nikafuata nyuma kama mgeni.

Tukaingia chini ya mwamba. Nilitafuta twiga. Palikuwa na utando wa kijivu, na ndani yake kipande cha shingo chekundu, kirefu kama mkono, na kichwa chenye pembe mbili ndogo. Miguu hapana, kiwiliwili hapana. Na kando ya shingo, safi kama imeandikwa jana, K yenye mkia.

Kijana alikuwa akimwonyesha mjukuu wangu. "Tazama jambo hili. Mtu ameharibu kwa chuma. Hatujui ni nani wala lini." Mjukuu wangu alisogea karibu. Kisha akageuka akanitazama, akatazama tena mwambani. Msomaji, alama hiyo imo katika mpini wa jembe langu, imo katika ndoo ya nyumbani, imo katika kigoda anachokalia kila jioni. Hakusema neno. Ingekuwa heri angesema. Aliinama akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chake hakina kamba.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kijana hakujua, na mtoto alikuwa tayari kunifichia. Lakini nilipomwona anainama vile kwa ajili yangu, nilishindwa. Nikasema, "Mwanangu, huyo mtu asiyejulikana ni mimi. Na maji ni mimi pia, na wenzangu."

Akanitazama kwa muda. Nilitazamia makaripio, na nilikuwa nimeyastahili, hata kutoka kwa kijana aliye sawa na wanangu. Akafungua daftari, akatoa kalamu sikioni. "Mwaka gani, Mzee?" Nikamwambia, 1974, mwezi wa sita au wa saba. Akaandika. Nikamwambia, "Andika na jina." Akasema, "Jina halinisaidii. Mwaka ndio ninaouhitaji. Sasa nitajua utando huu umechukua muda gani." Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia, "Alikuwaje? Wewe ulimwona mzima. Miguu yake ilikuwa mingapi iliyochorwa, minne au miwili? Alikuwa na madoa au mistari? Kulikuwa na mtu nyuma yake?"

Msomaji, nilifungua kinywa nikakosa la kusema. Niliweza kumwambia msumari ulikuwa wa namna gani. Niliweza kumwambia nilianza K kutoka juu, na kwamba mkia uliniteleza kidogo, nikakasirika. Sauti ya wenzangu naikumbuka hata leo. Lakini miguu ya twiga sikuikumbuka. Nilimnywesha maji mara nyingi, na sikumtazama hata mara moja. Nilisema, "Nadhani minne," na kijana akaandika, kisha akaniuliza kama nina hakika, nikasema sina, akaifuta.

Kabla ya kuondoka mjukuu wangu aliomba ukurasa mmoja wa daftari. Alikaa akachora shingo na kichwa, kwa utulivu, akiinua macho na kuyashusha, mpaka kivuli kikasogea. Kijana alimsifu. Akampa ukurasa wa pili amchoree na yeye, kwa sababu simu yake ilikuwa imeishiwa moto na hakuweza kupiga picha, naye akaubandika kwenye daftari lake. Alinieleza pia kwamba mwaka 1937 mahali hapa palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2006 UNESCO ikapaandika katika urithi wa dunia. Bibi Leakey alitoa kitabu cha nakala zake mwaka 1983, nacho kinaonyesha picha kadha wa kadha ambazo leo ukizitafuta mwambani huzioni vizuri. Twiga wangu hakunakiliwa na mtu kwa kadiri kijana ajuavyo. Alikuwa katika pango dogo mno.

Ukitaka kwenda, nenda wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, maana masika njia za kwenda vilimani hazipitiki. Vaa viatu imara. Chukua maji ya kunywa, na yakae katika chupa. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mchukue mtoto anayependa kuchora, na umpe muda. Usimharakishe kama walivyofanya wazungu wawili tuliowakuta Mungumi, waliopiga picha zao, wakashuka kabla sijamaliza kuhema.

Njiani kurudi mjukuu wangu alikaa dirishani, na hatukuzungumza habari za pango mpaka tulipopita Chemba. Hapo akauliza, "Babu, ulikuwa na umri gani?" Nikamwambia, "Miaka kumi na mmoja." Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mdogo kwangu." Kisha akalala.

Sasa yapata miezi miwili. Ukutani mwa jiko letu, juu ya bibi aliyechorwa mnene, yupo twiga wa mkaa mwenye shingo ndefu na pembe mbili ndogo, na chini ya shingo hakuna kitu. Bibi yake alipouliza mbona mnyama huyu hana miguu wala tumbo, mtoto alimjibu, "Muulize Babu."